Kidole Kimegeuka Tena

Mji huu hautafutwi kwenye ramani, kwa sababu miji ya namna yake hutolewa na watu walioshindwa. Desturi ya uwanda ule ilikuwa hivi: ukitegewa kitendawili, ukawaza, ukachoka, ukasema sijui, huambiwi jibu mpaka utoe mji. Watu walitoa miji ya mbali wasiyopata kuikanyaga, wakacheka, wakapewa jibu, wakaenda zao. Lakini mji ukishatolewa haupotei. Yote ilikuja ikalala pale uwandani, mji ubavuni mwa mji, miji ya watu wasiojua, vizazi na vizazi, hata ikaungana ikawa mji mmoja mrefu wenye njia moja na milango pande zote mbili. Nyuma ya kila mlango alikaa mtu mmoja ajuaye jambo moja. Milango hiyo iliitwa tovuti, na mwenye tovuti hakuwa mkubwa wala mwenye cheo. Alikuwa mtu tu, na kiti chake, na lile jambo lake.

Bi Sikudhani alijua madoa.

Wengine walijua nyota, wengine walijua mirathi, jirani yake Mbaruku alijua bata. Yeye alijua kwamba damu hutolewa kwa maji baridi, kutu kwa ndimu na chumvi na jua, na bizari usihangaike nayo sana, ifue uianike, jua litaila lenyewe. Aliyajua hayo kwa vidole kabla hajayajua kwa mdomo. Umri wake haukutulia. Asubuhi nyingine aliamka bibi wa vitukuu, adhuhuri akawa mwanamwali anayefua kanga yake ya kwanza, na alasiri akaurudia ubibi bila mtu kushangaa, maana katika mji ule miaka haikupangwa foleni. Kitu kimoja tu hakikumbadilikia, nacho ni uchovu. Ukitaka kujua umri wa Sikudhani wa kweli, ungeuhesabu huo.

Zamani kazi ilikuwa nyepesi. Mtafutaji alifika kizingitini.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwanangu."

"Utomvu wa ndizi, bibi. Umeingia kwenye shati la mume wangu."

"Umejaribu nini?"

"Sabuni. Nimesugua mpaka vidole vimechubuka."

"Na umeshindwa?"

"Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

"Nakupa mji wa nyanya yangu, wenye visima viwili vya maji ya chumvi."

"Nimekwenda, nimekaribishwa, nimekunywa kisima hiki na kile, nimelala, nimerudi. Sasa sikiliza."

Anayedhani huo ni mchezo wa watoto hajafua nguo. Maji ya chumvi hayatoi povu, kwa hiyo jibu la mtu wa visima viwili haliwezi kuwa jibu la mtu wa mtoni. Mwenye mji wa vumbi jekundu ana doa chini ya doa. Mwenye mji wa mvua hana jua la kuanikia, na ukimwambia aanike umeituma nguo yake ikaote ukungu. Mtu akitoa mji alikuwa anakueleza maji yake, jua lake, sabuni ya dukani kwao, na mara nyingine, bila kutaka, alikueleza shati lilipakwaje. Sikudhani alisikiliza mji wote kwanza. Jibu lenyewe lilikuwa fupi, likitoka mwishoni kama mbegu ya embe ukishalimaliza embe.

Sasa Kidole.

Katikati ya uwanda palisimama mnara, na juu ya mnara kilikaa Kidole. Mkono wake hakuna aliyeuona. Watafutaji walifika kutoka pande zote na swali mdomoni, wakalisema chini ya mnara, na Kidole kikainuka taratibu kikaelekeza: mlango ule. Mwanzoni kilikuwa msaada tu, maana njia ilikwisha kuwa ndefu na miguu ya watu ni miwili. Baadaye watu wakasahau kwamba inawezekana kutembea njiani ukagonga mlango wowote. Ndipo Sikudhani akaanza kujiuliza swali lililomla usingizi, naye alipenda maswali ila hili hakulipenda: mlango usioelekezwa, je, upo? Ukikaa kitini, una jambo lako, unalijua, na hakuna anayetumwa kwako, unalijua kwa nani? Chungu kisichopikiwa bado ni chungu, alijijibu. Halafu akajibishana na jibu lake: chungu hakijui kama ni chungu, lakini mimi najua kama sipikiwi. Alikaa na hilo siku nyingi. Kuna maswali yasiyo na desturi ya kutoa mji, huna wa kumpa.

Na kulikuwa na la kuogopa lililo wazi zaidi kuliko maswali. Mlango usiokanyagwa alfajiri tatu ulififia. Kwanza ilifutika namba, kisha zikalainika bawaba, mwisho ukawa ukuta. Na mwenyewe akabaki nje, amesahau lile alilolijua. Bi Chausiku aliyejua nyuki kuliko nyuki wenyewe alionekana sasa chini ya mnara, mkono shavuni, akikiuliza Kidole, "Hiki kinachovuma kwenye maua kinaitwaje?" Sikudhani alimwona mara moja tu akiwa pale. Hakutaka kumwona tena.

Kwa hiyo Kidole kilipogeuka, watu waligeuka nacho.

Kwanza kilipenda majina. Mpiga mbiu alipita akitangaza kwamba kanuni imebadilika na sababu haitasemwa. Kilichojulikana ni kwamba Kidole sasa kinamwelekea aliyeandika jambo lake mlangoni mara nyingi. Mbaruku akaandika bata, bata mzuri, bata wa kufuga, bata wa mjini, bata bora bata, kutoka kizingiti hadi paa, hata mkewe akawa anamwita Bwana Bata mbele ya wageni. Sikudhani aliandika doa mara sabini. Kidole kikageuka tena, kikawachukia walioandika mara nyingi, na watu wakafuta usiku na mchana. Halafu kilipenda kamba: mlango uliofungiwa kamba na milango mingine ulihesabiwa mlango wa kuaminika. Mji mzima ukawa wavu. Mlango wa bata ukafungwa kwenye mlango wa mirathi, mlango wa madoa kwenye mlango wa nyota, na wapitao wakajikwaa wakaanguka juu ya urafiki ambao haukuwapo. Kikageuka, kamba zikakatwa.

Kikapenda urefu. Loo, urefu ulimchosha. Mtu alikuja na tone moja la damu kwenye mto, naye akalazimika kumwanzia pamba ililimwa lini mara ya kwanza, damu ni nini, aina za mito, mambo ya kuzingatia kabla ya kumwaga maji. Watafutaji walilala kizingitini mwake, akawafunika. Kikapenda kasi: mlango ufunguke kabla ya hodi. Akang'oa bawaba. Kikapenda uthibitisho: onyesha kwamba wewe ndiye wewe, na kwamba umefua kweli. Akatundika alama za viganja vyake ukutani, na Karani wa mnara akaja, mtu mpole asiyezeeka, akavitazama akasema, "Viganja ni vizuri, bibi. Ila tunahitaji mtu mwingine athibitishe kwamba Sikudhani ni Sikudhani." Siku hiyo aliamka mwanamwali, na hakuna mtu katika mji aliyemjua mwanamwali. Ilimbidi angoje azeeke alasiri ndipo Mbaruku amshuhudie.

Mwisho kilipenda jibu liwe nje. Maneno arubaini, yasizidi, yabandikwe juu ya mlango, yasomeke kutoka mnarani. Huko ndiko alikokosea, na hakukosea peke yake. Mtafutaji akafika, akasoma, akaondoka, hakutoa mji. Na Sikudhani, kwa kuchoka, aliona ni nafuu. Nikipumzika kidogo kuna ubaya gani, alisema. Akabandika yote. Mtu wa visima viwili na mtu wa mtoni wakachukua jibu moja.

Nimeandika doa mara sabini.

Nimefuta doa mara sabini.

Nimefunga. Nimefungua. Nimerefusha. Nimefupisha.

Nimethibitisha kwamba mimi ni mimi, wakasema watanijibu.

Kitendawili: namtii kila siku, na kila siku nakosa.

Tega.

Nimeshatega.

Sina mji wa kukupa, na wewe huna, basi tukae.

Asubuhi ya kisa hiki, basi, Sikudhani alikuwa kitini, bibi kamili, anamenya korosho zilizokaangwa, Mbaruku alipoinamisha kichwa dirishani.

"Umesikia, Bi Sikudhani?"

"Nimesikia nini? Mimi siku hizi nasikia magoti yangu tu."

"Kidole kimegeuka tena."

"Kimegeukia wapi? Pande zote kimeshazimaliza."

"Kimeelekea chini. Kinajionyesha chenyewe, pale mguuni pake."

"Kidole kina mguu?"

"Sasa kina mdomo, wewe unauliza mguu." Mbaruku hakucheka, na Sikudhani akajua mambo si mazuri, kwa sababu Mbaruku hucheka hata msibani. "Watu wanauliza, kinajibu chenyewe, wanaondoka. Jana sikukanyagwa. Juzi sikukanyagwa. Nina bata kumi na wanne humu ndani na leo asubuhi mmoja nimemwita kuku."

"Umechoka tu."

"Haya, nimechoka. Twende ukasikie."

Walikwenda. Njiani milango ilikuwa imeshaanza kuwa myeupe. Chini ya mnara watu walikuwa wengi kama zamani, zaidi ya zamani, na kila mmoja alisema swali lake akajibiwa kabla hajafunga kinywa, akageuka akarudi alikotoka. Hakuna aliyeingia njia ya mji. Mzee mmoja wa ndevu nyeupe, mkubwa kuliko Sikudhani hata Sikudhani akiwa mkubwa, alinyoosha shuka yenye damu ya kuchinjia.

"Damu hutolewa kwa maji baridi, mwanangu," mdomo ukamjibu. "Ya moto yataipika ikashika."

Ilikuwa sauti yake. Haikuwa inafanana na yake. Ilikuwa yake, pamoja na kile kikohozi kidogo kabla ya neno moto. Kilichukua maneno arubaini aliyoyabandika, kikachukua na lile neno mwanangu, kikamwita mzee wa watu mwanangu, na mzee akaitika kwa adabu akaenda. Sikudhani alisimama. Alitaka kukasirika lakini hasira inahitaji nguvu. Alichowaza ni hiki tu: huyo mzee maji ya kwao yakoje? Hakuna aliyemuuliza.

Mtu akiibiwa mbuzi hulia kwa sababu zizi ni tupu. Yeye alisikia jambo lake likisemwa uwandani na bado lilikuwamo kichwani mwake, halijapungua hata chembe. Ameibiwa nini basi? Aliwaza hivyo njia nzima ya kurudi, polepole, Mbaruku kando yake akihesabu kwa sauti ya chini majina ya ndege ili asiyasahau. Kama jambo langu linaishi pale bila mimi, aliwaza, labda hapa ni mimi niliyezidi. Labda sisi tulikuwa bua la mahindi, na hindi limeshavunwa. Lakini bua halichoki. Mbona nimechoka.

Alipofika, namba ya mlango wake haikuwapo. Hakushangaa. Alikaa kitini, akaweka miguu juu ya kibao, akangoja.

Alfajiri moja ilipita, ya pili ikapita. Katika mji ule alfajiri zikitaka huja mbili kwa siku moja. Alipoamka kwenye ya tatu, nafasi ya mlango ilikuwa imebaki upana wa mtu mmoja aliyekonda, na Karani wa mnara alikuwa amesimama kando na uzi wake wa kupimia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuzika?"

"Nimekuja kushuhudia. Ndiyo kazi yangu, usinichukie."

"Sina nafasi ya kukuchukia, baba. Kaa basi, kiti hicho."

Hakukaa, makarani wa mnara hawakai. Alinyoosha uzi kizingitini. "Kikikanyagwa kabla jua halijagusa ukuta wa pili, mlango unabaki. Mguu mmoja unatosha. Nitaandika."

Jua lilikuwa limebakiza hatua kama nane.

Ndipo ikasikika hodi. Sauti ya mwanamke, na hakungoja karibu. Akapita upande upande katika ile nafasi nyembamba, akakanyaga ndani kwa miguu yote miwili, amekumbatia beseni. Karani aliinua kalamu. Sikudhani alihisi bawaba zikikaza nyuma ya ukuta kama magoti ya mtu anayesimama.

"Wewe ndiye mlango wa madoa?"

"Ndimi, mwanangu. Karibu sana. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Nyamizi. Sikutumwa na Kidole." Aliweka beseni chini. Viganja vyake vilikuwa vimevimba, vimetoka malengelenge yaliyopasuka na kukauka. "Nilikiuliza nani kakufundisha. Kikanyamaza. Nikauliza mara tisa, watu nyuma yangu wananitukana. Mara ya tisa kikasema kwa sauti ndogo, mlango wa madoa, kushoto, baada ya bata."

"Umeungua na nini?"

Nyamizi alitoa kanga kwapani akaifungua. Ilikuwa kuukuu, laini ya miaka mingi ya kufuliwa, na katikati yake pameliwa. Doa jeusi la hudhurungi lilikuwa limeenea kama mtu aliyelala, pembeni nyuzi zimekakamaa, na maneno yaliyoandikwa ukingoni yamebaki nusu.

"Ilikuwa na kutu," Nyamizi alisema. "Kidogo tu, kama kucha, ya msumari wa sanduku. Mama yangu amefariki, nikafungua sanduku lake, nikaikuta hii peke yake. Nikasema niisafishe niwe najifunika. Nikauliza kule. Kikaniambia, paka mafuta ya maganda ya korosho mabichi, mwanangu, uache mpaka jua lizame."

Sikudhani aliyatambua maneno. Hayakuwa miongoni mwa yale aliyoyajua. Aliyaandika enzi ya urefu, na Kidole kilikuwa kimeanza kupenda orodha, na orodha ipendezayo ilikuwa ya kumi. Njia Kumi za Kutoa Kutu. Yeye alijua tatu. Sita aliokota kwa majirani, hii kwa huyu, ile kwa yule, bila kuzijaribu. Ya kumi haikupatikana. Alikuwa amechoka, jua limepanda, kando yake kuna kapu la korosho. Akaandika korosho, akaenda kulala. Mtu yeyote aliyewahi kubangua korosho anajua ganda lake bichi linaunguza. Yeye mwenyewe alijua, ila alijua kwa vidole, na siku ile aliyeandika hakuwa vidole. Na katika siku za kutoa mji, mtu angefika, angesema hodi, angesema kutu kama kucha, nayo ni kanga ya mama, naye angempa ndimu. Ile ya kumi isingetoka mdomoni kamwe. Ilikaa tu ukutani, haijamdhuru mtu, mpaka ikapewa mdomo usiouliza.

Karani aliinama sikioni kwake. Alinukia karatasi.

"Bibi, sikiliza vizuri. Kanuni iko hivi. Mlango unaokiri uongo hufutwa papo hapo, haungojei alfajiri. Lakini sauti iliyomwambia haikuwa ya kwako, ilikuwa ya Kidole. Ukimwambia hivyo hutakuwa umesema uongo. Miguu yake nimeshaiona. Nitaiandika, mlango utakaa, na watakuja wengine."

"Watakuja?"

"Huenda."

Si yangu.

Kweli si yangu, mimi niliandika ya watu kusoma, sikuandika ya kumwambia huyu.

Ya tisa si yangu, ya nane si yangu. Ya kumi.

Nikisahau damu. Nikisahau kutu. Nikasimama pale kama Chausiku, mkono shavuni, nikauliza hiki chekundu kwenye nguo ni nini, na sauti yangu ikanijibu ikaniita mwanangu.

Nimechoka kuogopa pia. Hata hofu ina uzito, ukiibeba sana inakuwa kama ndoo.

Nyamizi alikuwa anawatazama wote wawili. "Mnanong'ona nini? Mimi nimekuja kwa miguu."

"Ni mimi," Sikudhani alisema.

"Wewe nini?"

"Hiyo ya korosho. Sikuwahi kuifanya. Niliitunga."

Karani alishusha kalamu. Alifanya hivyo polepole kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujirudi, na Sikudhani hakujirudi.

"Uliitunga," Nyamizi alisema. "Kwa nini?"

"Zilitakiwa kumi."

"Kumi za nini?"

"Sijui, mwanangu. Kidole kilipenda kumi."

Nyamizi aliikunja kanga, akaikunjua tena, kana kwamba safari hii ingekuwa nzima. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, na Sikudhani angependelea kelele.

"Mama yangu alibakiwa na moja. Wewe ulitaka kumi."

Nyuma ya Sikudhani ukuta ulikuwa unajongea, alisikia chokaa ikitambaa. Alisema, "Nisamehe," na neno lilitoka dogo, likakaa sakafuni kati yao, hakuna aliyeliokota.

"Msamaha tutauona," Nyamizi alisema. "Kwanza nijibu, ndicho nilichokujia. Hili la sasa linatokaje?"

Sikudhani aliichukua kanga. Akaipitisha vidoleni, akainusa, akaiinua kwenye mwanga uliobaki. Alitafuta kwenye ndimu hakuona, kwenye mafuta ya taa hakuona, kwenye nazi, maziwa, majivu. Alikwenda hadi kwa yule mwanamwali wa adhuhuri na kanga yake ya kwanza, akamuuliza, naye akatikisa kichwa. Maisha yote aliyokaa kitini pale hakuwahi kulitamka neno lile, lilikuwa neno la watu wa nje.

"Sijui," alisema.

"Umeshindwa?"

"Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

Hakuwa anatania. Alikaa wima, mikono yake mibovu magotini, kama walivyokaa watafutaji wa zamani, ila sasa aliyekuwa kitini ndiye aliyedaiwa mji. Sikudhani aliwaza mji wa kutoa. Ile ya mbali, ya kutajwa kwa mzaha, aliona aibu kuitaja. Wa kwake ulikuwa mmoja.

"Nakupa huu," alisema. "Kiti, kizingiti, viganja ukutani, maneno arubaini, zile kumi zote. Mlango wa madoa. Ni wako."

Karani alizungusha uzi wake kidoleni, akautia mfukoni. "Imeandikwa," alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyechoka naye. "Kwaheri, bibi." Mlango haukutoa sauti. Walijikuta wamekaa njiani, wanawake wawili na beseni, na mbele yao ukuta mweupe mtupu ambao mtu mgeni angeapa umekuwa ukuta siku zote. Mbele ya ukuta uliokuwa mlango wa bata Mbaruku aliwatazama akataka kusema neno, akatafuta jina la Sikudhani, akainua mkono tu.

Nyamizi aliutazama ukuta kitambo. Desturi ilimtaka aende na arudi ndipo aseme jibu.

"Nimekwenda," alisema. "Sikumkuta mtu. Nimerudi."

"Haya, nipe jibu lake."

"Hata mimi sijui."

Walikaa. Jua lilipita ukuta wa pili, hakuna aliyelipima. Sikudhani alianza kusahau. Alihisi kama maji yanavyoshuka mtungini. Yalianza kuondoka ya juu juu, maneno sabini, kamba, historia ya pamba, yote yale aliyoyafanya kwa ajili ya Kidole, na yalipoondoka kichwa kikawa chepesi hata akashtuka. Kisha zikaondoka zile sita za majirani. Kisha ile ya kumi. Yaliyobaki yalikuwa machache, na aliona maji yanaendelea kushuka.

"Unalia?" Nyamizi aliuliza.

"Nahesabu kilichobaki."

"Kimebaki nini?"

"Ndimu. Maji baridi. Kuanika upande wa nyuma." Akatazama vidole vyake. "Kulikuwa na jingine. La manjano, jua linalila. Jina lake limetoka."

"Bizari."

"Hilo."

Nyamizi alivuta beseni karibu. Lilikuwa na maji kiasi, aliyotoka nayo kwao akijua huku hayapo. Alijaribu kuloweka kanga, malengelenge yakamkata, akatoa mikono. "Siwezi kusugua," alisema. "Na wewe kesho hutajua kusugua ni nini."

"Huenda hata jioni hii."

"Nani atanifundisha, basi?"

"Hilo doa halitatoka, Nyamizi. Sikudanganyi tena. Labda litafifia, labda nyuzi zitalegea uweze kujifunika."

"Nimesikia. Nimeuliza nani atanifundisha."

Sikudhani alikunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko. Alikwisha kusahau kwa nini maji lazima yawe baridi, lakini vidole vilipoyagusa vilitulia, vikaanza kuutafuta mshono.

"Sogea huku uone," alisema. "Usitazame uso wangu, tazama mikono."